Jinsi ya Kuandika Tangazo la Kazi Mtandaoni Litakalomvuta Mwombaji Unayemtaka

Nilipokuwa natafuta kazi nilikuwa na daftari la kurasa 48. Kila tangazo nililojibu nililitengea ukurasa wake: jina la kazi juu, gharama chini. Ukurasa mmoja ninao hadi leo. Bando, 20. Kuchapisha, 30. Bahasha, 10. Nauli Luanda ya Vihiga hadi Kisumu, kwenda na kurudi, 300. Mwisho kabisa niliandika neno moja: kimya.

Siku hizi mimi ndiye ninayeandika matangazo hayo. Wenye maduka, zahanati ndogo, shule za binafsi na nyumba za wageni, kuanzia Nakuru mpaka Kakamega, huniita niwasaidie kutafuta wafanyakazi. Malalamiko yao huja kwa sura mbili. Mmoja atasema, “Nimepokea maombi mia tatu na hakuna hata mmoja anayefaa.” Mwingine atasema, “Tangazo lina wiki mbili, waliojitokeza ni wawili.” Nimeona kwamba maradhi ni yale yale. Tangazo halikumpa msomaji habari za kutosha, basi wengi wakaomba kwa kubahatisha, na wale makini wakapita.

Mwombaji hutumia pesa zake kuomba kazi. Kwa mtu aliyekaa miezi minane bila kipato, shilingi 300 ni unga na sukuma wiki ya siku mbili. Kwa hiyo tangazo linalomvuta ni lile linalomwezesha kuamua, simu ikiwa bado mkononi, kama kazi hiyo inamfaa. Hatua zote zinazofuata zinatoka hapo.

Hatua ya kwanza: ijue kazi yenyewe kabla ya kuipa jina

Usianze kwa kuandika. Anza kwa kuuliza. Mama mmoja mwenye duka la hadiweya pale Kibuye, Kisumu, aliniita akaniambia anataka “mtu wa mauzo”. Tuliketi nyuma ya kaunta, kwenye ndoo za rangi zilizogeuzwa viti.

“Mama, huyu mtu akifika asubuhi anaanza na nini?”

“Anafungua duka, mwanangu. Halafu anauza.”

“Lori la simiti likija, mifuko inahesabiwa na nani?”

“Na yeye.”

“Fundi akichukua misumari kwa deni?”

“Ni yeye anayeandika. Na ni yeye anayemkumbusha Ijumaa.”

“Jioni, pesa za M-Pesa na za mkononi zinalinganishwa na nani?”

“Tunalinganisha mimi na yeye.”

“Na aliyekuwepo aliacha kwa nini?”

Hapo mama alinyamaza kidogo. “Mabati,” akasema. “Alidai mgongo unamuuma. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuna kubeba.”

Dakika kumi, na tangazo lilikuwa karibu limejiandika. Yule aliyetafutwa kama mtu wa mauzo alikuwa muuzaji, mtunza stoo, mfuatiliaji wa madeni na msaidizi wa kupakua mzigo. Kama una mfanyakazi anayeondoka kwa amani, muulize yeye badala ya kujiuliza wewe. Anajua mambo ambayo bosi hayaoni.

Hatua ya pili: tumia jina ambalo mtu ataliandika akitafuta

Mtafuta kazi hufika kwako kwa njia mbili. Ama tangazo linampitia kwenye Facebook na WhatsApp, ama yeye analitafuta kwenye Google na kwenye tovuti za kazi. Anapotafuta huandika jina la kazi na jina la mji. Hakuna anayeandika “nafasi ya dhahabu” wala “timu yetu inakua”. Ataandika keshia Nakuru, dereva Kisumu, mwalimu wa chekechea Kakamega.

Kwa hiyo kichwa cha tangazo kiwe jina la kazi, basi. Google wenyewe, katika maelekezo yao kwa tovuti zinazotaka kazi zake zionekane kwenye sehemu yao ya ajira, wanasema sehemu ya kichwa iwe na jina la kazi peke yake, bila mshahara, tarehe, anwani wala alama za kupiga kelele. Hayo yana mahali pake chini. Ukijaza kichwa nyota na neno HARAKA mara tatu, unafanana na matapeli, nao waombaji wamekwisha kujifunza kuwakimbia.

Jambo la lugha nalo: kwenye tovuti za kazi Wakenya wengi hutafuta kwa Kiingereza, hata wale wanaofikiri na kuongea Kiswahili kutwa. Kichwa weka kwa Kiingereza kule tovutini kama kazi ni ya ofisi, halafu maelezo yaandike kwa lugha ambayo mfanyakazi ataitumia kazini. Tangazo la mpishi au mlinzi liandike lote kwa Kiswahili. Nimeona tangazo la mtu wa kufagia chumba cha wageni likiwa na Kiingereza kizito ambacho hata mwenye nyumba hakuweza kunifafanulia.

Usikuze jina. Ukimwita mwuza sabuni wa mlango kwa mlango “meneja wa mauzo”, atakayekuja ni mtu aliyeota umeneja, na siku ya tatu hutamwona.

Hatua ya tatu: taja mshahara

Hapa ndipo waajiri wangu wengi hukunja uso, na hapa ndipo nisipokubali kushindwa. Neno “maelewano” ndilo lililonigharimu zaidi katika lile daftari. Nilisafiri mara mbili kwenda kuelewana, nikakuta kiasi ambacho kingeisha kwenye nauli na chakula cha mchana.

Sababu zao nazijua. Wa kwanza huogopa majirani wenye biashara kama yake wasijue anacholipa. Wanakijua tayari, kwa sababu wafanyakazi wao huzungumza na wako kwenye kibanda cha chai. Wa pili huogopa wafanyakazi waliopo wataona mgeni analipwa zaidi yao. Hofu hiyo ni ya kweli, ila ugonjwa uko kwenye malipo ya wale waliopo, na kuficha tangazo hakuutibu. Wa tatu husema, “Nikitaja kidogo hawatakuja.” Nami humjibu: wasipokuja kwa kidogo kilichotajwa, watakuja kwa kidogo kilichofichwa, wapoteze siku yao na yako, kisha waondoke.

Mtu asiyekujua hupima usiyoyasema kwa yale uliyoyasema. Mwanauchumi Michael Spence aliandika mwaka 1973 kuhusu ishara katika soko la kazi, jinsi mwajiri anavyosoma cheti cha mtu ili akisie uwezo asioweza kuuona, na mwaka 2001 akawa mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Wanaochunguza uajiri wamegeuza fikra hiyo upande wa pili: mwombaji naye husoma tangazo akikisia mwajiri asiyemwona. Mshahara uliofichwa humwambia kwamba ni mdogo, na kwamba hata likizo na siku ya kulipwa zitakuwa za kubembeleza.

Kabla ya kuandika kiasi, hakikisha kinafuata sheria. Kiwango cha chini kilichoanza kutumika Novemba 2024 kwa kibarua wa kawaida katika jiji kama Kisumu kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na posho ya nyumba kando. Mama wa hadiweya alikuwa amefikiria 15,000. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anakumbuka alicholipa zamani. Viwango hutofautiana kwa aina ya kazi na kwa mahali, na dereva, mpishi au karani ana chake kilicho juu ya hicho, kwa hiyo pita ofisi ya leba ya kaunti yako uulize kiwango cha kazi yako hasa. Ni bure.

Kisha sema kama kiasi hicho ni kabla ya makato au baada. Watu hugombana siku ya kwanza ya mshahara kwa sababu ya hili. Chukua 28,000, ambayo ndiyo tuliyofikia na mama. Bima ya afya ya SHA hukata asilimia 2.75, yaani 770. Ushuru wa nyumba ni asilimia 1.5, yaani 420. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 6, yaani 1,680. Hizo ni 2,870 zimetoka kabla hata kodi ya mapato haijaguswa. Mtu aliyesoma “28,000” akapanga kodi ya nyumba na karo kwa 28,000 ataona ameibiwa, hata kama kila senti imekatwa kwa haki.

Kama kuna kamisheni, onyesha inavyohesabiwa kwa mfano mmoja wa tarakimu. “Pata hadi 80,000 kwa mwezi” ni sentensi ambayo mtafuta kazi yeyote wa Nakuru ameiona mara mia na haiamini tena. Kama wauzaji wako wa sasa wengi hupata 22,000, andika 22,000.

Hatua ya nne: mahali na saa

“Kisumu” haitoshi. Kati ya Mamboleo na Nyalenda kuna matatu mbili na muda wa kusubiri. “Nakuru” haitoshi pia. Mtu wa Kaptembwo akiajiriwa Lanet anavuka mji mzima kila siku. Andika mtaa, na alama ya karibu ambayo kila mtu anaijua. Kama kazi ni ya kuzunguka, taja maeneo: “Siaya, Bondo na Ugunja, siku tatu kwa wiki, nauli tunalipa sisi.” Maneno matatu ya mwisho hayo yana uzito kuliko aya nzima ya kusifu kampuni.

Saa ya kutoka ni muhimu kuliko ya kuingia. Mhudumu wa hoteli anayetoka saa nne usiku anafikiria barabara ya kurudi nyumbani Obunga. Kama unampeleka kwa gari, sema. Kama humpeleki, sema vilevile, anayeishi jirani ataomba.

Taja siku ya mapumziko. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 zenye malipo baada ya miezi 12. Huku kwetu kuna jambo ambalo matangazo yaliyonakiliwa kutoka Nairobi husahau: kuanzia Homa Bay mpaka Kisii na Nyamira Waadventista ni wengi sana, na Jumamosi ni Sabato. Usiulize mtu dini yake. Andika tu wazi kama Jumamosi ni siku ya kazi na kama siku inaweza kubadilishwa. Utawaokoa watu wazuri wasikatike katikati ya mwezi wa kwanza.

Hatua ya tano: punguza masharti

Kila sharti unaloandika linamwondoa mtu. Wakati mwingine ndivyo unavyotaka: nesi lazima awe na leseni, dereva lazima awe na ya daraja linalofaa. Lakini shahada ya kuuza simu? Uzoefu wa miaka mitano kwa kazi unayoweza kumfundisha mtu kwa wiki mbili? Ninachofanya ni kuandika orodha yote ambayo mwajiri anaitaka, halafu kuuliza kwa kila moja: “Akija mtu mzuri bila hili, utamfukuza mlangoni?” Akisema hapana, linahamia kwenye “itasaidia ukiwa na”, au linafutwa. Kwa kawaida kumi hubaki manne.

Maneno yenyewe nayo huchuja watu bila wewe kujua. Mwaka 2011 Danielle Gaucher, Justin Friesen na Aaron Kay walichapisha utafiti kuhusu matangazo ya kazi ya Kiingereza. Walikuta kwamba tangazo likijaa maneno yanayohusishwa na wanaume, kama ya kutawala na kushindana, wanawake waliona kazi ile haiwavutii, na sababu ilikuwa kwamba hawakujiona kuwa wangekuwa wa pale. Kiswahili kimetubariki hapa. “Atauza”, “atahesabu”, “atasimamia”: kiambishi kile kile kwa mwanamke na mwanamume. Halafu sisi wenyewe tunakwenda kuandika “binti mrembo” au “kijana wa kiume mwenye nguvu”. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira kinakataza kubagua kwa jinsia, kabila, dini, ulemavu, ujauzito na mengine, tangu wakati wa kuajiri, na kifungu cha 27 cha Katiba kinaongeza umri. Ukitaka mtu wa kubeba, andika atabeba nini na uzito wake. Mwenye kuweza atajijua.

Lugha za mama zinahitaji uangalifu. Ikiwa wateja wako wa Kibuye wengi huongea Dholuo, ni haki kuandika “ukiweza kuwahudumia wateja kwa Dholuo itasaidia”. Hiyo ni kazi. Kuandika kabila unalotaka ni ubaguzi, na watu huusoma upesi.

Hatua ya sita: sema ugumu wa kazi

Waajiri huniuliza kama nimechanganyikiwa ninapodai hili. Mwaka 1973 mtafiti John Wanous alichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa kwa wahudumu wa simu katika kampuni moja ya Marekani. Kundi moja la waombaji lilionyeshwa filamu ya kawaida ya kuisifu kazi. Jingine likaonyeshwa filamu iliyosema pia kwamba kazi ile huchosha na kwamba msimamizi yuko juu yako kila mara. Walioonyeshwa ukweli hawakuikimbia. Walipoanza kazi walikuwa na matarajio yanayolingana na hali, na waliwaza kuacha mara chache kuliko wenzao.

Rudi kwa yule kijana wa mabati. Kilichomwondoa ni kugundua akiwa tayari amefika kwamba alifichwa. Katika tangazo jipya tuliandika siku za lori na uzito wa mfuko wa simiti. Mama alihofia. Waliopiga simu walikuwa wachache kuliko alivyozoea, na karibu wote waliuliza swali la maana: je, kuna toroli?

Kulikuwa na toroli moja, mbovu. Akaitengeneza kabla ya usaili.

Hatua ya saba: thibitisha kwamba wewe si tapeli

Hii inauma, na nitaeleza kwa nini ninaitilia mkazo. Katika daftari langu kuna ukurasa wa Nakuru. Tangazo lilisema ofisi mpya, wafanyakazi wa utawala, mafunzo bure. Nilipanda matatu alfajiri. Nikafika ghorofa ya tatu ya jengo lisilo na kibao, nikakuta chumba cha viti vya plastiki na watu kama sitini, wengi wamevaa suti za kuazima. Tuliimbishwa, tukapigishwa makofi, kisha tukaambiwa kila mtu anunue bidhaa za shilingi elfu nne ndipo aanze kazi. Dada aliyekaa kando yangu alikuwa ametoka Molo na mtoto mgongoni. Alikuwa na nauli ya kurudi tu. Alitoa nauli ile.

Kila mtu anayesoma tangazo lako amepitia hayo, au ndugu yake amepitia. Kwa hiyo mpe vitu anavyoweza kukagua bila kutoka nyumbani: jina la biashara kama lilivyosajiliwa, jengo na mtaa, jina na cheo cha atakayempokea, nambari ya simu inayopokelewa, na barua pepe ya biashara ikiwa unayo. Picha halisi ya duka lako, yenye kibao kinachosomeka, inashinda picha ya wazungu wenye tai wakipeana mikono.

Andika sentensi hii kama ilivyo: “Hatutozi ada yoyote kwa hatua yoyote.” Kisha uitimize. Usitoze pesa za fomu, za sare wala za uchunguzi wa afya.

Usidai makaratasi mapema. Mabadiliko ya Sheria ya Ajira yaliyotiwa saini mwaka 2022 yanamzuia mwajiri kudai vyeti vya kuidhinishwa na mashirika ya serikali kabla hajakusudia kumpa mtu mkataba wa kazi. Cheti cha tabia njema na vinginevyo vya aina hiyo vidai kwa yule uliyemchagua. Hivyo vyeti hulipiwa, na vijana walikuwa wakikopa ili wavipate wakaombe kazi wasiyoipata. Nakala ya kitambulisho na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, pia zisubiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka ukusanye taarifa unazozihitaji tu na useme ni za nini. Mtu akiombwa kitambulisho kwenye WhatsApp na nambari asiyoijua, ana haki ya kukimbia.

Hatua ya nane: rahisisha njia ya kuomba

Karibu wote watakusoma kwenye simu, wengine kwenye kioo chenye ufa. Mistari miwili mitatu ya kwanza ndiyo inayoonekana kabla ya kubonyeza kuendelea kusoma, basi jina la kazi, mtaa na mshahara vikae humo. Aya ziwe fupi.

Bango la picha lina uzuri wake, hasa kwenye status ya WhatsApp. Lakini kwenye simu nyingi nambari iliyo ndani ya picha haibonyezeki, barua pepe haiwezi kunakiliwa, na msomaji asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini huenda asisikie chochote. Kila bango liambatane na maandishi yale yale. Na kumbuka status hufa baada ya saa 24.

Omba kidogo mwanzoni. Kwa kazi ya duka, ujumbe wa WhatsApp wenye jina, anakoishi, kazi aliyofanya mwisho na lini anaweza kuanza unatosha. Kwa kazi ya ofisi, wasifu wa kurasa mbili. Fomu ndefu ya mtandaoni inayokatika bando likiisha huwafukuza watu wenye shughuli zao, ambao mara nyingi ndio unaowatafuta. Weka tarehe ya mwisho, na tarehe utakayowapigia waliochaguliwa.

Pa kuliweka panategemea unayemtafuta. Mhasibu au afisa miradi utampata LinkedIn, BrighterMonday, Fuzu au MyJobMag. Muuzaji, mpishi na fundi utawapata kwenye makundi ya Facebook ya mji wenyewe na makundi ya WhatsApp ya mtaa, kanisa na chama. Kwa fundi mwenye cheti, wapigie vyuo: Kisumu National Polytechnic wana vijana waliomaliza, na walimu wao humjua nani ana mkono mzuri.

Tangazo la mama, kama lilivyotoka

Jina la duka na nambari nimeondoa. Mengine ni yale yale.

MSAIDIZI WA DUKA NA STOO, HADIWEYA
Kibuye, Kisumu. Shilingi 28,000 kwa mwezi kabla ya makato, posho ya nyumba ikiwa ndani.

Kazi: kufungua duka, kuwauzia mafundi na wateja wa rejareja, kupokea na kuhesabu mzigo, kuandika madeni na kuyafuatilia, na kulinganisha mauzo ya siku jioni pamoja na mwenye duka. Tuko watatu.

Ujue mapema: lori huja Jumanne na Ijumaa. Siku hizo utasaidiana na wapakuzi kupanga mabati na mifuko ya simiti ya kilo 50. Kuanzia Desemba hadi Februari wateja ni wengi kutwa.

Saa: mbili asubuhi hadi kumi na moja jioni, saa moja ya chakula. Mapumziko Jumapili, anayehitaji Jumamosi badala yake aseme, tutapanga.

Lazima: uweze kuhesabu na kuandika vizuri, na uwe umewahi kushughulika na wateja popote, hata sokoni. Itasaidia: kujua vifaa vya ujenzi, kuongea Dholuo.

Mkataba wa maandishi. Miezi mitatu ya majaribio kwa mshahara huo huo. Makato ya NSSF na SHA tunayawasilisha.

Kuomba: tuma WhatsApp au SMS yenye jina, unakoishi, kazi ya mwisho na siku unayoweza kuanza. Mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Kila atakayeomba atajibiwa kufikia Jumatano. Hatutozi ada yoyote kwa hatua yoyote.

Hatua ya tisa: jibu kila mtu, kisha uliondoe

Ahadi ya kujibu ndiyo waliyoitaja zaidi wale niliowauliza kwa nini waliomba. Ni ahadi nyepesi kutimiza. Majibu arobaini kwa WhatsApp huchukua chini ya saa moja, na ujumbe uliotayarishwa hubadilishwa jina tu. Wasiochaguliwa ni majirani zako na wateja wako. Watanunua misumari kwako au kwa mwingine.

Ujumbe tuliotuma Jumatano ile ulikuwa huu: “Habari. Asante kwa kuomba kazi ya duka letu Kibuye. Safari hii tumemchagua mwingine mwenye uzoefu wa stoo. Taarifa zako tutazifuta mwisho wa mwezi, ila ukipenda tukuweke kwa nafasi ijayo, jibu NDIYO.”

Mama aliutuma mwenyewe, mmoja mmoja, miwani ikiwa puani. Kabla hajamaliza, simu ikaanza kulia kwa majibu. Kumi na tisa walijibu NDIYO. Mmoja wao ndiye aliyeajiriwa Novemba, lilipofunguliwa duka la pili Mamboleo, bila tangazo lolote.

Lile la Kibuye lilikwisha kufutwa kila mahali jioni ile ile ya Jumatano, na kwenye makundi tusikoweza kulifuta tuliandika chini yake: NAFASI IMEJAA.